Tembo Lililopita Kilele: Maneno ya Ladha na Mageuzi Yake Kisiwani Pemba

Huko Champagne, Ufaransa, watengenezaji wa divai yenye povu wana desturi ya kuandika juu ya baadhi ya chupa mwaka mmoja wa mavuno, pindi mwaka huo ulipokuwa mwema kuliko mingine. Shampeni ya namna hiyo haina budi kukaa miaka mitatu kwa uchache kabla ya kuuzwa, na nyingine huwekwa miaka ishirini au thelathini. Wajuzi wake husema kwamba hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Na huko kushuka kwake wamekutungia maneno mengi. Mfasiri atakaye kulieleza jambo hili kwa Kiswahili hupata shida papo hapo. Akisema kwamba divai hiyo "imeharibika" atakuwa amezidisha. Akisema "imezeeka" hajanena lolote juu ya ladha. Na akisema "imechacha" atakuwa amekosea kabisa, kwa kuwa shampeni kongwe, maadamu kizibo chake ni kizima, kwa kawaida haichachi.

Shida hiyo haitokani na umaskini wa lugha. Kiswahili kina msamiati wa kinywaji kinachopanda na kushuka, ila msamiati huo umejengwa juu ya kitu kingine, yaani tembo la mnazi, ambalo huimaliza safari yote hiyo kwa muda wa siku moja au mbili. Pemba ni mahali pafaapo sana kuutazamia msamiati huo. Ni kisiwa cha minazi na mikarafuu, na watu wake walio wengi ni Waislamu, ambao kwao swali la wakati gani tembo ni tembo, na wakati gani limekuwa kitu kingine, ni swali la hukumu pamoja na kuwa swali la ladha.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi tembo linavyopatikana. Ua la mnazi huchipuka likiwa limefungwa ndani ya karara, na shina lake huitwa panda. Mgema hupanda juu kwa vidato vilivyochongwa katika gogo la mnazi (neno hilo kidato ndilo lililohamia shuleni, na leo wanafunzi wengi walio katika kidato cha pili hawajapata kukikanyaga hata kimoja). Hulifunga panda kabla halijafunuka, hulikata ncha kwa kotama, yaani kisu kipana kilichopinda, kisha hutundika kibuyu chini yake. Asubuhi na jioni hurudi, hukitua kibuyu, na kulikata tena panda kipande chembamba kama ukucha, ili jeraha lisifunge. Panda lililogemwa halizai nazi. Kwa ajili hiyo mwenye shamba hana budi kuchagua: ama tembo la leo, ama nazi na mbata za baadaye.

Utomvu utokao katika panda ni mtamu sana. Sukari yake hukaribia sehemu kumi na mbili hadi kumi na tano katika mia. Lakini hauachwi utulie. Hamira za porini, zilizomo hewani na hasa katika mashimo ya kibuyu kilichotumika jana, huanza kuila sukari hiyo mara matone yanapoanguka. Sukari hugeuka kileo na gesi ya kabonidioksidi, ambayo ndiyo gesi ile ile inayofanya povu la shampeni. Tofauti ni kwamba shampeni huifungia gesi hiyo ndani ya chupa nene, na kibuyu ki wazi. Utomvu uliokuwa mwangavu huwa mweupe kama maji ya mchele, kwa sababu ya wingi wa hamira na bakteria waliomo. Saa chache baadaye kileo chake ni kama sehemu nne au tano katika mia, na wanywaji husema kwamba limefika. Kisha, kama halikunywewa, bakteria wa namna nyingine, wale wanaohitaji hewa, hukishika kile kileo na kukifanya asidi. Aliyethibitisha kazi ya vijidudu katika kuchacha kwa divai na katika kufanyika kwa siki ni Mfaransa Louis Pasteur, katika miaka ya 1860. Lakini wagema na wapishi wa pwani walikuwa wameshaigawa kazi hiyo katika hatua zake, na kila hatua wakaipa jina.

Mgawanyo huo ndio hasa unaostahili kutazamwa na wanalugha. Lugha nyingi hueleza umri wa kinywaji kwa vivumishi: kichanga, kikomavu, kikongwe. Kiswahili, pale ambapo kitu kina maana katika maisha ya watu, hupenda kubadili jina lenyewe. Tunda la mnazi huanza kuwa upunga, huwa kidaka, kisha kitale, dafu, koroma na nazi. Na ikikaushwa huwa mbata. Mpunga ukikobolewa ni mchele, mchele ukipikwa ni wali. Hakuna asemaye "wali mbichi" kwa maana ya mchele, wala "nazi changa" kwa maana ya dafu, ila mgeni. Ndivyo lilivyo tembo. Likiwa bado na utamu wake huitwa tembo tamu, na likipikwa likawa zito huwa asali ya tembo. Likipata nguvu ni tembo kali. Hapa bado jina ni moja na kivumishi ndicho kinachobadilika. Lakini likishapita kilele, jina la tembo huliacha: sehemu inayotumiwa kuumulia unga ni chachu, na lile lililokamilisha mageuzi ni siki.

Hata sarufi huonyesha kuvuka huko. Tembo ni la ngeli ya li-ya, kama ithibitishavyo methali inayojulikana na kila mtu: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. (Mnyama aitwaye tembo hufuata mapatano ya viumbe wenye uhai, na pwani jina lake la zamani ni ndovu, kwa hiyo wenyeji hawakuwa na sababu ya kuwachanganya.) Chachu na siki ni za ngeli ya i-zi. Basi tembo limekuwa kali, lakini siki imekuwa kali. Msikilizaji aliyekosa neno la kwanza la sentensi aweza kujua kwa kiambishi tu kama kinachozungumzwa kimevuka au hakijavuka.

Neno kali lenyewe lina utata ambao kamusi haziugusi vya kutosha. Kisu ni kikali, jua ni kali, pilipili ni kali, mbwa ni mkali. Tembo kali ni lile lilevyalo. Siki kali ni ile yenye asidi nyingi. Kwa mwonjaji wa divai wa Ulaya kileo na asidi ni vitu viwili mbalimbali kabisa, na hupimwa kila kimoja peke yake. Kiswahili huvitia vyote viwili katika neno moja, kwa sababu hukitaja kile kinachotendwa ulimini, yaani mchomo, bila kutaja chanzo chake. Hivyo tembo la jioni linaloelekea usiku laweza kuitwa kali na watu wawili wenye maana mbili zisizokutana: mmoja analisifu, wa pili anaonya kwamba saa yake imekwisha. Anayetaka kuondoa utata ana maneno mengine mkononi. Ugwadu ni ukali wa ndimu na wa embe bichi. Ukakasi ni ule ukavu wa ndizi mbichi unaoukunja ulimi. Uchachu ni ladha ya kitu kilichobadilika ndani yake chenyewe, kama maziwa yaliyoganda. Tofauti kati ya ugwadu na uchachu ni nzuri mno na haifai kupotea: ndimu ina ugwadu tangu mtini, bali uchachu una historia.

Kitenzi kuchacha nacho ni cha kupimwa kwa uangalifu. Mchuzi wa nazi uliochacha ni wa kumwagwa. Bahari iliyochacha imechafuka. Lakini tembo lisipochacha halijawa tembo lolote. Ni utomvu mtupu. Jambo lile lile ambalo kwa mpishi ni hasara, kwa mgema ni kazi iendeleayo vyema, na kwa mpishi huyo huyo, akingoja siku kadhaa zaidi, ni faida, kwa maana atapata siki ya achari na ya kuungia samaki. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili kina neno moja la kushuka baada ya kilele. Kushuka kwa mtu mmoja ni kupanda kwa mwingine, na kitenzi hakichagui upande.

Upande huchaguliwa na sheria. Wengi wa Wapemba hufuata madhehebu ya Shafii, na wapo pia Waibadhi. Katika fikihi ya Kishafii kilevi ni haramu na ni najisi. Lakini kikigeuka siki chenyewe, hutwaharika na kuwa halali, na chombo chake hutwaharika pamoja nacho. Kitabu cha Minhaj al-Talibin cha Imamu al-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ambacho kimesomeshwa sana katika mwambao huu, huliweka sharti wazi: kama kitu kimetupwa ndani yake ili kukigeuza, hakitwahariki, bali kukihamisha tu kutoka juani kwenda kivulini, au kivulini kwenda juani, hakudhuru kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Wanazuoni walijadiliana hata juu ya kinywaji kilichokuwa na maji ndani yake kabla ya kuchacha, jambo ambalo huipa ile methali ya mgema uzito usiotazamiwa.

Kwa Kiswahili hukumu hiyo yote yaweza kutiwa katika viambishi viwili. Tembo lililogeuka siki ni halali. Tembo lililogeuzwa siki kwa kutiwa kitu si halali kwa kauli hiyo. Kiarabu hufanya tofauti hiyo kwa mnyumbuliko wake chenyewe, na Kiswahili kwa -k- na -z- tu. Mtu asiyejua habari hii aweza kudhani kwamba geuka na geuzwa katika maneno ya jikoni ni hiari ya msemaji. Sivyo. Pale Chake Chake au Wete, mama wa nyumba aulizaye siki yake ilipatikanaje huuliza juu ya kiambishi hicho.

Hapa ndipo ulipo umbo la pekee la msamiati wa Pemba. Utomvu mtamu, kabla haujalevya, ni halali. Siki ni halali. Kilicho katikati, ambacho mnywaji hukiita kilele, ndicho kilichokatazwa. Mahali pengine kilele ndicho kitajwacho sana, na kushuka hupewa maneno ya masikitiko. Hapa katikati hutajwa kwa sauti ya chini, na ncha mbili ndizo zilizo na majina ya mezani. Ndiyo sababu siki haikuitwa tembo bovu, wala tembo lililokufa.

Kwa kulinganisha, shampeni hupita njia nyingine. Ikiwa changa huonja kama ndimu na tufaha. Ikikaa juu ya masimbi ya hamira zilizokufa hupata ladha ya mkate uliookwa, ya lozi na ya asali. Ikipita kilele, gesi hupenya polepole kizibo ikatoka na hewa ikaingia. Povu hulala, rangi ya dhahabu huingia kahawia, na ladha huwa ya matunda yaliyokaushwa, ya uyoga, na mwishowe ya tufaha lililokaa mno. Mwaka 2010 wapiga mbizi waliopoa chupa 168 karibu na visiwa vya Åland katika bahari ya Baltic, zilizokuwa zimelala chini ya maji yapata miaka 170. Utafiti uliotangazwa mwaka 2015 ulieleza kwamba povu lilikuwa limekwisha karibu lote, na sukari ilikuwa kama gramu 150 katika lita moja. Waonjaji kwanza walisikia harufu ya mnyama na ya jibini. Baada ya divai kupata hewa kidogo glasini, wakasikia viungo, moshi na ngozi. Haikuwa siki. Bakteria wa siki hawaishi bila hewa, na huko chini hapakuwa na hewa ya kuwatosha.

Basi mfasiri wa habari kama hizo na aache kuchacha na jamaa zake zote, kwa kuwa ni mali ya tembo. Yamfaa aseme kwamba povu limelala, kama chakula kilivyolala. Kwamba divai imepooza. Kwamba imepita kilele, neno lililo karibu na maana yake ya asili, yaani ncha ya mti. Na pale ambapo ladha mpya imezuka badala ya ile ya kwanza, aseme imegeuka, wala asiogope kwamba neno hilo ni dogo.

Kuhusu chachu, neno hilo limepata maisha mengine. Hamira ya dukani imeondoa haja ya kutia tembo katika unga wa vitumbua na wa mkate wa kumimina, na siki ya chupa huuzwa kila soko. Chachu yenyewe imehamia katika hotuba na magazeti, ambako husikika mara nyingi kwamba jambo fulani ni chachu ya maendeleo. Katika matumizi hayo imebaki maana ya kuumua peke yake. Ile ya tembo lililopita saa yake imekwisha kutoka.