Unataka kusoma biashara au uhasibu? Uliza kwanza cheti chako kitapokelewa wapi

Je, umemaliza sekondari Kakuma, Kiryandongo au Gorom na unataka kusoma biashara, fedha au uongozi chuoni? Wengi wanaochagua masomo haya wanawaza kazi ya ofisini Juba, hasa Thongpiny, mtaa ulio kando ya uwanja wa ndege, wenye hoteli na ofisi nyingi. Si wazo baya. Lakini karo ni pesa nyingi, na mara nyingi imechangwa na familia nzima: mjomba ameuza mbuzi, dada ametuma kidogo kutoka Nairobi. Kabla hujalipa, yapo mambo ya kuelewa.

Uhasibu, fedha na uongozi si kitu kimoja

Vyuo hupenda kuyaweka majina haya pamoja kwenye bango, lakini kazi zake ni tofauti. Uhasibu ni kuandika pesa zilikotoka na zilikokwenda. Kila tukio huandikwa mara mbili: ukinunua magunia ya mkaa kwa pesa taslimu, mkaa unaongezeka upande mmoja na pesa zinapungua upande mwingine. Pande hizo zisipolingana, kuna kosa la kuandika. Uongozi unahusu watu, kazi na mipango. Fedha ni kuangalia mbele: pesa hizi zitakuwa na thamani gani kesho, na nizigeuze kuwa nini leo?

Aliyekuwa Juba Desemba 2015 analijua somo la fedha bila mwalimu. Mwezi huo serikali iliacha kushikilia bei ya dola, na kiwango rasmi kikaruka kutoka pauni 2.96 hadi takriban 18.5 kwa dola moja. Pauni 3,000, zilizokuwa zikihesabiwa kama dola 1,000 hivi, zikawa kama dola 160. Kweli, mtaani dola ilikuwa imeshapanda kabla ya siku hiyo. Lakini fikiria mwenye duka aliyeuza unga kwa bei ya jana. Daftari lake linaonyesha faida, ila akienda kununua mzigo mwingine kutoka Uganda, pesa hazitoshi hata nusu. Daftari halikudanganya, lilihesabu pauni, wakati mzigo unanunuliwa kwa pesa ya nchi nyingine.

Ukiniuliza uchague nini kama una nafasi moja tu, nitasema uhasibu. Uongozi unaweza kujifunza kazini. Vitabu vya hesabu huandikwa kwa kanuni zilezile Juba, Kampala au Mombasa, na wewe huenda ukahama tena.

Nani anatoa mtihani?

Hili ndilo swali ambalo wengi hawaulizi. Kuna kozi ambazo chuo kinafundisha na chuo hichohicho kinatunga mtihani na kutoa cheti. Kuna nyingine ambazo chuo kinafundisha tu, lakini mtihani unatoka nje. Kenya, mitihani ya CPA hutolewa na KASNEB, bodi iliyoanzishwa 1969. Uganda, hutolewa na taasisi ya wahasibu, ICPAU. Matokeo ya mtihani wa namna hii yamo kwenye kumbukumbu za bodi. Chuo ulichosomea kikifungwa mwaka kesho, matokeo yako hayafungwi nacho.

Cheti cha ndani ya chuo si lazima kiwe kibaya. Ila nguvu yake inategemea kama chuo kinatambuliwa. Mwaka 2012 Wizara ya Elimu ya Juu ya Sudan Kusini iliamuru vyuo vikuu vingi vya binafsi vifungwe kwa kutotimiza masharti. Kwa hiyo omba kuona barua ya ithibati, na usome kama inataja kozi yako au jina la chuo tu. Picha kwenye simu ya karani haitoshi. Nenda wizarani mwenyewe, au mtume ndugu aliye Juba akuulizie.

Je, Jumuiya ya Afrika Mashariki haijamaliza tatizo hili? Sudan Kusini ilijiunga 2016, na mwaka 2017 marais wa Jumuiya walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Ni hatua njema. Hata hivyo, ukivuka mpaka bado unaweza kuombwa uthibitisho kwamba cheti chako kinalingana na cha nchi hiyo. Vyeti vya sekondari kutoka nje hulinganishwa na KNEC nchini Kenya, na UNEB nchini Uganda. Kama ulisoma Sudan na cheti chako ni cha Kiarabu, utahitaji pia tafsiri. Anza mapema, usingoje barua ya kuitwa chuoni.

Ukirudi nyumbani, ufadhili unabaki?

Ufadhili wa DAFI, ambao UNHCR imeuendesha tangu 1992 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani, ni kwa ajili ya wakimbizi na waliorejea wanaosoma shahada katika nchi iliyowapokea au nchini kwao. Msudani Kusini aliye Kenya au Uganda anaweza kuomba huko. Akirudi Juba, yuko nchini mwake, na asidhani ufadhili huo utamfuata bila kuuliza. Mkimbizi kutoka Sudan au Ethiopia anayeishi Gorom yuko katika hali tofauti, na anaweza kuuliza Juba. Uliza kabla ya kupanda basi. Fomu ya kuomba hailipiwi. Anayekudai pesa ili akuingizie jina ni tapeli.

Wakati unasubiri, usikae bure. Kama mtaa wenu una sanduku la kuweka na kukopeshana, jitolee kuandika daftari lake. Mwaka mmoja wa hesabu safi, pamoja na barua ya wenyekiti, ni uzoefu ambao mwajiri anaweza kuukagua.

Siku ya kwenda chuoni, usilipe muhula mzima papo hapo. Dai risiti yenye muhuri, na uulize kama karo ya mwaka wa pili imeandikwa kwa dola au kwa pauni.