Mchezo Mdogo na Jina Kubwa

Mjukuu wangu hapa Minneapolis ametengeneza mchezo wa bao wa kwenye simu, naye anawaandikia watu maarufu mitandaoni wamsaidie kuutangaza. Mmoja ametaka dola 2,000, nazo ndizo akiba yake yote. Nimempa habari ya mji wa jirani, Saint Paul.

Huko Reyn Guyer na wenzake, Charles Foley na Neil Rabens, walibuni Twister, mkeka wa madoa ya rangi unaochezwa kwa mikono na miguu. Wenye maduka walisita kuuchukua, wakiona si adabu watu wazima kugusana. Tarehe 3 Mei 1966 Johnny Carson akaucheza na Eva Gabor kwenye televisheni, na watu wakaukimbilia madukani.

Kilichouuza si maneno ya sifa, bali watu kuuona ukichezwa. Kwa hiyo mchagueni anayependa michezo ya namna hiyo, mpelekeeni mchezo wenyewe na barua fupi. Akilipwa au akipewa zawadi, kanuni za Marekani zinamtaka aseme wazi. Anayedai fedha kabla hajaucheza anakuuzieni jina tu.