Buibui Jikoni, Masizi Sufuriani

Tulinunua jiko la gesi ili sufuria zipumzike, na kwa miaka miwili zilipumzika kweli. Halafu Jumamosi moja nikaipua wali, nikautua mezani, na sufuria ikaacha duara jeusi kwenye kitambaa cheupe. Kitako chake kilikuwa kama kimetoka kwenye mafiga.

Wa kwanza kulaumiwa alikuwa muuza gesi. Mtungi wa kilo 15 ulikuwa hata wiki haujamaliza, na mtaani kwetu neno "imechakachuliwa" halikai mbali na mdomo. Nikaurudisha kwa bodaboda. Mzee yule akanipa mwingine bila ubishi, nikafunga, nikawasha: moto wa njano, mrefu, unayumba kama wa kibatari. Nikanunua regyuleta. Njano. Nikanunua mpira mpya. Njano vilevile. Cha kuchekesha ni kwamba jiko letu lina sehemu mbili za kupikia, na ya kulia ilikuwa ikiwaka bluu safi siku zote hizo, kwa mtungi uleule na mpira uleule. Jibu lilikuwa linawaka mbele ya macho yangu, nami nabandika chai juu yake.

Fundi alipokuja hakuugusa mtungi, zaidi ya kuufunga. Aliinama, akautazama moto wa kushoto kabla haujazimika, akasema, "Mama, hili halina shida ya gesi. Limebanwa kifua."

Akafunua bati la juu, akachomoa kile kibomba cha chuma kinachobeba gesi kutoka kwenye swichi hadi kwenye kichwa cha jiko, akapitisha waya. Upande wa pili kikatoka kitu kama pamba chafu, cheupe, kimeshikamana, na ndani yake vijipunje vidogo. Utando wa buibui. Nikakumbuka kuwa tulikuwa kijijini wiki tatu, na masizi yalianza tuliporudi.

Ili kuelewa utando mwepesi vile unawezaje kuharibu sufuria nzito, tazama jiko linavyofanya kazi. Gesi hutoka kwenye kitundu chembamba, mara nyingi kisichofika milimita 1, na huchomoka kwa kasi kuingia kwenye mdomo wa kile kibomba. Kati ya kitundu na mdomo pana uwazi. Kasi ya gesi huivuta hewa ya jikoni kupitia uwazi huo, bila feni wala injini, na viwili hivyo huchanganyika njiani kabla ya kufika kwenye moto. Gesi ya mtungi ni propani na butani. Ili lita 1 ya propani iungue yote, inahitaji takribani lita 24 za hewa. Ya butani inahitaji takribani 31. Sehemu ya hewa hiyo hupita kwenye kibomba, iliyobaki moto huichukua pembeni yake. Kwa hiyo kinachoivisha maharage yetu, ukikipima kwa ujazo, ni hewa iliyotiwa gesi kidogo. Lakini gesi tunailipia na hewa ni ya bure, basi mambo yakiharibika tunakimbilia kushuku kile tulichokitolea pesa.

Buibui akijenga humo, gesi huendelea kuja kama kawaida ila hewa hupungua. Kaboni iliyokosa oksijeni ya kuungana nayo hujikusanya kuwa vijichembe vidogo mno, vijichembe hivyo hupata moto na kung'aa njano kama makaa, kisha vikigusa kitako cha sufuria, ambacho kina ubaridi kuliko moto, vinanata. Hayo ndiyo masizi. Kibatari nacho ni hivyohivyo: kinatupa mwanga kwa sababu kinaungua vibaya. Mwanakemia Robert Bunsen, alipotaka moto mkali usio na mwanga wala moshi kwa maabara yake ya Heidelberg, mwaka 1855, yeye na fundi wake Peter Desaga walitengeneza bomba la kuichanganya gesi na hewa kabla haijawaka. Majiko yetu ni wajukuu wa bomba hilo. Kuna la hatari zaidi ya sufuria kuchafuka: moto uliokosa hewa hutoa pia monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na jiko dogo lenye dirisha lililofungwa si mahali pa kuvumilia moto wa njano.

Buibui huyu hana ugomvi na Waswahili peke yao. Vitabu vya maelekezo ya majiko ya gesi ya kuchomea nyama huko Marekani humtaja waziwazi. Mwaka 2011 kampuni ya Mazda iliyaita gereji magari yapatayo 65,000 ya Mazda6 Amerika Kaskazini, kwa sababu buibui walikuwa wakifuma ndani ya mpira wa kupumulia wa mfumo wa mafuta. Tenki likikosa pumzi huweza kupasuka.

Si kila njano ni buibui. Uji uliofurika ukakaukia kwenye kichwa cha jiko hufanya kazi hiyohiyo. Na maji ya chumvi yakimwagikia moto, utaona rangi ya machungwa inaruka kidogo na kutoweka. Hiyo ni sodiamu, usimwite fundi. Mama yangu, aliyezoea stovu ya kupampu ya mafuta ya taa, alishauri nizibue kwa sindano kama alivyokuwa akifanya yeye. Fundi alikataa katakata. Ukikipanua kile kitundu hata kidogo, gesi itatoka nyingi kuliko hewa inayoweza kuvutwa, na njano itarudi ikae.

Alichukua elfu tano na kikombe cha chai. Jioni nilikwenda kumwomba radhi muuza gesi. Alicheka sana, kisha akauliza, "Sasa dada yangu, ile regyuleta ya zamani unaiuza bei gani?"