Fahamu: Hatari ilikuwa kwenye noti au kwenye hewa ya matatu?

Machi 2020, siku chache baada ya Kenya kutangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, noti ya shilingi mia iligeuka kitu cha kuogopwa. Serikali ikahimiza malipo kwa simu, na Safaricom ikaondoa ada za M-Pesa kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000. Stejini kukawekwa maji na sabuni. Matatu ya abiria 14 ikaamriwa kubeba 8.

Lakini virusi hivi vilimfikiaje mtu?

Mwezi huo huo, Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba ugonjwa hauenei kwa hewa. Julai 2020, wanasayansi 239 wakalijibu kwa barua ya wazi: chembechembe za pumzi huelea na kujilimbikiza mahali pasipopita hewa. Aprili 2021, taasisi ya CDC ya Marekani ikakadiria kwamba uwezekano wa kuambukizwa kwa kugusa kitu chenye virusi kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 10,000.

Kunawa hakukuwa kazi bure. Huzuia kuhara na kipindupindu. Tatizo ni kwamba sabuni ilipewa uzito ambao dirisha halikupewa. Abiria wanane waliokwama kwenye foleni ya Thika Road, mvua ikinyesha na vioo vimefungwa, walivuta pumzi za wenzao hata kama mikono yao ilikuwa safi.

Agosti 2021, matatu ziliruhusiwa tena kujaza viti vyote, barakoa zikibaki lazima.