Dakika saba za kujipodoa asubuhi, na kopo ambalo mzazi asiliguse

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mzazi wa Kahama, Katoro au Geita mjini tayari ana mambo manne kwa wakati mmoja. Sare ya shule haijapigwa pasi, uji uko jikoni, mtoto wa mwisho analia na bodaboda anapiga honi nje. Hata hivyo, wengi bado wanapenda kutoka nyumbani wakiwa na uso uliochangamka, iwe wanakwenda benki, darasani au kufungua genge. Dakika saba zinatosha, ilimradi vitu unavyotumia viwe vichache na viwe salama.

Anza kwa kunawa uso kwa maji na sabuni isiyo kali. Kiangazi huku kwetu ni vumbi tupu, na poda ikipakwa juu ya vumbi huganda kama udongo ifikapo saa nne. Futa kwa kugusagusa na kitambaa chako mwenyewe, kisha paka mafuta ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Mafuta ya mgando ni mazuri kwa midomo na sehemu zilizokauka, lakini kwa mwenye uso wa mafuta au chunusi ni mazito mno. Huyo atafute losheni nyepesi isiyo na manukato.

Kinachofuata ndicho wengi hukiruka, yaani mafuta ya kukinga jua. Watu wengi hudhani ni ya wenye ualbino peke yao. Wao ndio wanaoyahitaji zaidi, na ndiyo maana kule Moshi yanatengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao. Lakini hata ngozi nyeusi hupata madoa kwa jua, hasa kwa mama aliyetoka kujifungua na kubaki na mabaka mashavuni. Chagua yenye namba 30 au zaidi, na usibane matumizi. Poda haichukui nafasi yake.

Baada ya hapo, poda kidogo kwenye paji la uso, pua na kidevu. Rangi yake ijaribie kwenye taya, si mgongoni mwa mkono. Fandesheni iache kwa ajili ya harusi, maana siku ya kazi inakula muda na jua la Shinyanga litaiyeyusha tu. Penseli ya nyusi ipite pale penye mapengo pekee. Mwisho rangi ya mdomo, na hapa kuna ujanja: gusa kidogo kwa kidole, kisha sambaza mashavuni. Kitu kimoja kimefanya kazi mbili, na honi ya bodaboda haijapigwa mara ya tatu.

Mpaka hapo ni mapambo. Sasa nije kwenye afya.

Yale mabaka ya baada ya uzazi ndiyo huwapeleka kina mama wengi kwenye mkorogo. Kopo linatoka dukani au kwenye meza ya mnadani, halina jina la mtengenezaji, na ndani ya wiki mbili uso unang'aa. Kinachong'arisha mara nyingi ni kimoja kati ya vitu vitatu: haidrokwinoni, dawa kali za steroidi kama clobetasol ambazo hukondesha ngozi, au zebaki.

Zebaki hatuhitaji kufundishwa huku. Ni ileile ya mwaloni, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kushika dhahabu kabla ya kuichoma. Ndani ya krimu huzuia ngozi isitengeneze rangi yake, lakini hupenya hadi kwenye damu na kuharibu figo. Inaweza kuleta mitetemeko, kukosa usingizi na kusahausahau, na kwa mjamzito humfikia mtoto tumboni. Mwaka 2010, katika majimbo ya California na Virginia nchini Marekani, wachunguzi waliwakuta watu wenye zebaki mwilini ambao hawajawahi kupaka krimu hizo, wakiwamo watoto. Waliishi tu nyumba moja na aliyekuwa anapaka. Taulo, shuka, mikono na mashavu ya kubusiana vinatosha kuihamisha.

Soma kopo kabla ya kununua. Maneno kama mercury, mercurio, mercuric au calomel yote ni zebaki. Lakini watengenezaji wengine hawaandiki kabisa, na hapo mkazi wa Geita ana faida ambayo mtu wa Dar es Salaam hana. Ukiona maelekezo yanakutaka uvue pete au uepushe krimu na dhahabu, fedha au aluminiamu, irudishe. Zebaki hung'ang'ania dhahabu, na hicho ndicho kinachofanyika mwaloni kila siku. Krimu inayoogopa pete yako ya ndoa haifai kugusa shavu la mtoto wako.

Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania ni mwanachama, ulilenga kuondoa vipodozi vya namna hii ifikapo mwaka 2020, kisha mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kukaza zaidi ili visibaki hata vyenye kiwango kidogo. Hapa nchini, tangu mwaka 2019 jukumu la vipodozi lilitoka iliyokuwa TFDA kwenda TBS, hivyo malalamiko kuhusu kopo lisiloeleweka yapelekwe huko.

Kwa anayefanya kazi mwaloni au kwenye makarasha, kuna la ziada. Usijipodoe ukiwa kazini, wala usibebe poda kwenye mfuko wa nguo za kazi. Ukirudi, nawa mikono na uso, badili nguo, ndipo umbebe mtoto. Na dhahabu isichomwe jikoni wala chumbani, hata kama ni kidogo kiasi gani.

Jambo lingine ni wanja. Baadhi ya wanja wa unga huwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto. Najua bibi zetu walitupaka, na wengine wanaamini huzuia jicho la watu. Hata hivyo, mtoto mchanga hujifikicha macho na kulamba vidole. Usimpake.

Wanja wako na maskara usiazimishane hata na dada yako, kwa sababu macho mekundu husafiri kwa njia hiyo. Maskara itupe baada ya miezi mitatu. Sponji na brashi zioshe kila wiki. Usiku toa vipodozi kwa mafuta ya nazi na pamba, ambayo tunailima wenyewe, kisha nawa kwa sabuni.

Baba naye asijione yuko nje ya habari hii. Krimu ya kung'arisha anayopakwa saluni baada ya kunyoa inaweza kutoka kwenye kopo lilelile.

Kama umekuwa ukitumia mkorogo, nenda hospitali na ubebe kopo lenyewe mkononi. Krimu zenye steroidi zikiachwa ghafla huweza kuufanya uso uwake na kutoka vipele, na daktari anahitaji kujua ulichopaka ili akupangie namna ya kuacha. Mweleze pia kama una mimba au unanyonyesha. Kopo hilo usilitupe jalalani ambako watoto huokota makopo ya kuchezea.