Flagyl si kinga ya tumbo la safari

Kila msimu wa likizo unapokaribia, swali huwa lile lile na muulizaji huwa yule yule: kijana aliyetumwa na wenzake. Wamechangiana, wamepata tiketi ya bei nafuu ya kwenda Cairo, watalala hosteli chumba kimoja, watapanda treni ya usiku hadi Luxor, na yeye ndiye aliyekabidhiwa begi la dawa. Anafika kaunta, anaamkia vizuri, kisha: "Dokta, naomba Flagyl za watu wanane. Tuanze kumeza siku ngapi kabla ya kuondoka?"

Msianze hata siku moja kabla. Na kwa kazi mnayoikusudia, msizibebe kabisa. Swali hili nimelijibu kwa kifupi na kwa upole muda mrefu, na bado begi la dawa linaondoka na pakiti za Flagyl zilizonunuliwa duka la jirani. Leo nalijibu kwa urefu.

Metronidazoli, ambayo wengi wetu tunaiita Flagyl hata ikiwa ya kiwanda kingine, ilitengenezwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950 kutibu trikomonasi, kimelea cha njia ya uzazi. Mwaka 1962 daktari wa meno wa Uingereza alieleza habari za mgonjwa aliyekuwa akiitumia kwa trikomonasi, na vidonda vya ufizi wake navyo vikapona. Taratibu ikaeleweka dawa hii inawapiga nani. Inapoingia mwilini haina sumu ya kuua kijidudu. Inageuzwa kuwa sumu ndani ya kiumbe kinachoishi bila oksijeni, kwa kemia ya kiumbe hicho chenyewe, na hapo ndipo inapoharibu DNA yake. Amiba anaishi hivyo. Giardia, kimelea mwingine wa utumbo, vilevile, na bakteria wengi wa majipu ya tumboni. Kiumbe asiye na kemia hiyo anameza dawa yako na kuendelea na shughuli zake.

Sasa niulizeni mnachopaswa kuniuliza: wasafiri wanaharishwa na nani? Inakadiriwa kwamba asilimia 80 hadi 90 ya kuhara kwa wasafiri kunatokana na bakteria, na anayeongoza ni aina ya E. coli inayotoa sumu ndani ya utumbo mwembamba. Wapo pia Shigella na Salmonella. E. coli anaweza kuishi penye oksijeni na pasipo na oksijeni, lakini popote alipo hana uwezo wa kuigeuza metronidazoli kwa kiwango cha kumwangamiza. Virusi, ambao nao wana sehemu yao, hawaguswi na antibayotiki yoyote. Kwa hiyo mnabeba dawa isiyowagusa wale walio wengi, eti iwalinde nao.

Halafu kuna suala la siku, ambalo peke yake lingetosha kumaliza mjadala. Bakteria na virusi vya tumbo huanza kusumbua kati ya saa 6 na 72 baada ya kuingia mwilini. Giardia huchukua wiki moja hadi tatu. Amiba mara nyingi huchukua wiki mbili hadi nne. Safari yenu ni ya siku nane. Aliyekula mtaani Cairo Jumatatu akaanza kuhara Jumanne usiku hajapata amiba wa Cairo. Amiba huyo, kama kweli amemeza, atajitokeza akiwa amesharudi kazini na picha za piramidi ameshazituma kwa kila mtu.

Najua ubishi unaofuata. "Mbona mimi nilimeza nikapona?" Kuhara kwa virusi huisha ndani ya siku mbili au tatu. Kwa bakteria, bila dawa yoyote, huisha kati ya siku tatu na saba. Ukimeza Flagyl siku ya pili na tumbo likatulia siku ya nne, sifa anapewa kidonge, wakati kazi imefanywa na mwili wako. "Mbona nilimeza kama kinga na sikuugua?" Katika safari ya wiki mbili, kutegemea nchi na msimu, wanaougua ni kati ya asilimia 30 na 70. Maana yake wapo wengi wanaorudi salama bila kumeza chochote, na wewe ungeweza kuwa mmoja wao.

"Lakini kila nikipimwa choo naambiwa nina amiba." Hili linaniuma zaidi, kwa sababu hapa imani imepewa nguvu na watu wa fani yetu wenyewe. Kwa darubini ya kawaida, Entamoeba histolytica anayeumiza na Entamoeba dispar asiyedhuru wanafanana. Karatasi inaandikwa "amiba", pakiti inatolewa, na mgonjwa anajifunza kwamba kila tumbo likichafuka ni amiba na kila amiba ni Flagyl. Hata amiba wa kweli hamalizwi na Flagyl peke yake: inawaua walioingia kwenye nyama za utumbo, lakini waliobaki kwenye uwazi wa utumbo wanahitaji dawa nyingine ya kuwaondoa, kama diloxanide au paromomycin. Wangapi kati yenu mmewahi kupewa dawa hiyo ya pili?

Wengine hukubali yote haya, kisha husema: "Basi haidhuru. Tutameza tu, tahadhari." Inadhuru. Sehemu kubwa kabisa ya bakteria wanaoishi kwenye utumbo wako ni wale wasiotumia oksijeni, yaani walengwa halisi wa dawa hii. Hao ndio walioshika nafasi na kuwazuia wageni. Unawapunguza siku ile ile unayoanza kula chakula cha jiji usilolizoea. Mwaka 2017 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wasafiri wapatao 2,000 waliokwenda nje. Kati ya waliopimwa wakaonekana safi kabla ya kuondoka, kama theluthi moja walirudi wamebeba bakteria wa tumboni sugu kwa dawa nyingi za kundi la penisilini na sefalosporini. Kwa waliotembelea Asia ya Kusini, walifika robo tatu. Waliotumia antibayotiki wakiwa safarini walikuwa hatarini zaidi, na watafiti wakakadiria uwezekano wa asilimia 12 wa mtu kumpa bakteria huyo mwenzake wa nyumbani. Usugu huo hauonekani, hauumi. Unajitokeza siku mama yako anapopata maambukizi ya mkojo na dawa ya kawaida inakataa.

Yapo na ya papo hapo: kichefuchefu, ladha ya chuma mdomoni, mkojo kugeuka rangi. Maelezo ya dawa yanakataza pombe wakati wa dozi na kwa siku mbili hadi tatu baada yake, sharti ambalo kundi la marafiki likizoni halilitimizi. Dawa hii pia inaongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, hadi mtu akavuja damu. Anayegawa vidonge kwa watu wanane chumbani hajui nani kati yao anatumia nini. Mara nyingi hajawahi kuwauliza.

Kuna kundi linaloachana na Flagyl na kudai antibayotiki nyingine, ciprofloxacin. Huko nako tumechelewa: Campylobacter, bakteria mwingine anayewaharisha wasafiri, ameshakuwa sugu kwa dawa hiyo kwa kiwango kikubwa, hasa Asia ya Kusini-Mashariki, na dawa yenyewe inaweza kujeruhi kano za misuli. Na kundi la tatu linasema sisi tuliokulia Dar es Salaam au Mombasa matumbo yetu yameshazoea. Yamezoea vijidudu vya kwetu, tena kwa sehemu. E. coli wana aina nyingi, na kinga dhidi ya aina moja haikulindi sawasawa dhidi ya nyingine. Unaweza kuwa na nafuu kidogo kuliko Mzungu aliyetoka Oslo, lakini choo cha treni ya Luxor hakitakuuliza ulikozaliwa.

Haya, ya kubeba. Kwanza ORS, unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, pakiti tatu kwa kila mtu. Ndiyo dawa rahisi kuliko zote begini na ndiyo inayookoa. Chumvi huingia kwenye ukuta wa utumbo ikishikana na sukari, na mlango huo hubaki wazi hata mtu akiwa na kipindupindu. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon huko Bengal, Dkt. Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akaamua kuwanywesha wagonjwa wa kipindupindu mchanganyiko huo, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Vijana wanaoikataa kwa sababu "ni ya watoto" wanakataa moja ya dawa bora tulizo nazo. Changanya kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Zikiisha: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya kujaa.

Loperamide, dawa ya kutuliza kuhara, kwa ajili ya saa za treni au ndege tu. Usiitumie ukiwa na homa au ukiona damu kwenye choo, na usizidishe kipimo cha pakiti. Azithromycin, ambayo ni antibayotiki, ikiwa daktari ameiandika kwa jina la kila mtu, kwa kuhara kunakokulaza kitandani, kwenye homa kali au damu. Si kwa choo laini cha mara mbili. Kipimajoto. Sabuni ya kunawia, kwa maana norovirus, kirusi cha kuhara na kutapika, anavumilia vitakasa mikono, na watu wanane wenye choo kimoja ndiyo mazingira anayoyapenda. Kabla ya safari ulizia chanjo ya homa ya ini A na ya taifodi. Kama mnatakiwa kuonyesha cheti cha homa ya manjano, kinaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, hivyo msiende kuchanjwa mkiwa na mabegi mkononi.

Chakula: kushari, ule wali wa Kimisri wenye dengu, inayotoka jikoni ikifuka moshi, sawa. Taamiya, bajia za maharage za huko, iliyotolewa kwenye mafuta sasa hivi, sawa. Kachumbari na majani yanayoshindiliwa ndani ya mkate wake, hapana. Juisi ya miwa inayokamuliwa mbele yako inaponzwa na barafu na glasi iliyosuuzwa kwenye ndoo. Maji ya chupa, na kifuniko ukifungue mwenyewe. Kugandisha hakuui vijidudu, na kumimina pombe kali juu ya barafu hakuisafishi.

Kila mtu abebe dawa zake mwenyewe, kwenye pakiti zake za asili, pamoja na cheti cha daktari. Begi la pamoja lenye vidonge vilivyokatwakatwa bila majina ni hatari ya kisheria. Tramadoli, dawa ya maumivu, inadhibitiwa vikali Misri. Desemba 2017 mahakama ya huko ilimhukumu mtalii kutoka Uingereza kifungo cha miaka mitatu kwa kuingia na vidonge karibu 300 vya dawa hiyo. Falme za Kiarabu, ambako wengi hubadilishia ndege, nako zinadhibiti tramadoli na kodeini. Mwenye maumivu ya mgongo anayetumia dawa hizo aulize ubalozi kabla ya kukata tiketi.

Na mwenzenu akiugua, msimwache peke yake hostelini eti ziara imeshalipiwa. Naelewa pesa ilivyopatikana kwa shida. Lakini mtu anayehara na kutapika kwenye joto la Luxor anaweza kuishiwa maji mchana mmoja, na akianza kuchanganyikiwa hatashika simu kuwapigia. Mmoja abaki, ampe ORS kidogo kidogo hata kama anatapika, aangalie mkojo. Akikaa saa nane bila kukojoa, akishindwa kusimama, akiona damu kwenye choo au akiwa na homa kali, apelekwe hospitali usiku huo huo. Tengeni fedha ya hilo kwenye mchango tangu mwanzo, au kateni bima ya safari. Gharama ya bima inayolipia matibabu ni ndogo ukilinganisha na ya usiku mmoja wa kulazwa ugenini.

Mkisharudi, kuhara kukiendelea kupita siku 14, au kukianza wiki kadhaa baadaye, hapo ndipo giardia na amiba wanapoingia kwenye orodha ya watuhumiwa, na hapo metronidazoli inaweza kuwa dawa sahihi. Usiinunue hata wakati huo kabla ya kupima. Nenda hospitali, toa choo kipimwe, na umwambie daktari mambo mawili bila kuulizwa: ulikwenda nchi gani, na ulimeza dawa gani ukiwa huko.