Kasongo–Kabambare: Kuinua pikapu bila kurekebisha usukani ni kuhamisha hatari

Mvua zinaporudi mwezi wa Septemba, barabara za kusini mwa Maniema zinarudia hali ambayo wakaaji wa Kasongo na Kabambare wanaijua vizuri. Udongo unalainika, malori yanachimba mifereji mirefu, na pikapu inayofuata nyuma inakwama, tumbo lake likiwa limeketi juu ya tuta la katikati huku magurudumu yakizunguka bure. Mwenye gari aliyelala porini siku mbili namna hiyo anarudi kwa fundi na ombi moja: gari liinuliwe.

Ombi hilo lina maana. Kati ya miji ya Kasongo na Kabambare kuna zaidi ya kilomita 110 hata ukipima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, na barabara yenyewe ni ndefu zaidi. Mpunga, karanga, mihogo na mafuta ya mawese vinapita huko. Dawa za zone za afya za Kabambare, Lusangi na Saramabila pia zinahitaji gari linaloweza kufika.

Lakini mara nyingi kazi inaishia kwenye lama na risori. Usukani, ambao mafundi wanauita diresheni, unaachwa kama ulivyokuwa. Hapo ndipo tatizo jipya linapoanza: gari halikwami tena kirahisi, ila dereva halishiki tena vizuri.

Njia ya miguu iliyokuwa ya magari

Njia hii ni ya zamani kuliko gari lolote. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilitoka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kuingia Kasongo, mji uliokuwa moja ya ngome kubwa za Tippu Tip na watu wake hadi ulipotekwa na majeshi ya Dola Huru la Kongo mwezi wa Aprili 1893. Kiswahili cha Maniema kiliingia kwa njia hiyohiyo.

Leo mahali pa wapagazi pameshikwa na pikipiki, baiskeli, malori na pikapu. Kati ya pikapu, Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ndiyo inayojulikana zaidi. Ilianza kutengenezwa mwaka 1984 na ingali inatengenezwa. Wengi wanaipenda na injini yake ya dizeli ya silinda 6, lita 4.2, bila turbo, kwa sababu fundi wa kijijini anaweza kuifungua bila kompyuta.

Aina za kwanza za pikapu hiyo zina lama mbele na nyuma. Lama ni vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Kuanzia mwaka 1999, pikapu hiyo ilipewa risori za kuzunguka mbele, na nyuma ikabaki na lama. Tofauti hiyo ni muhimu kwa yeyote anayetaka kuinua gari, maana dawa ya moja si dawa ya nyingine.

Nini kinapanda, nini kinabaki chini

Wenye magari wengi wanafikiri kwamba gari likiinuliwa sentimita 5, kila kitu chini yake kinapanda sentimita 5. Sivyo. Kinachopanda ni chasi, pamoja na tangi la mafuta, bomba la moshi na ngazi za pembeni. Ponti, yaani chuma kizito kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, inabaki palepale. Ndani ya ponti ndimo kuna difu, na difu ndiyo inayogusa tuta la kwanza.

Kitu kinachoinua ponti ni mpira mkubwa zaidi tu. Na hapo hesabu ni nusu kwa nusu: mpira wenye kipenyo kirefu zaidi kwa sentimita 5 unaipandisha ponti sentimita 2 na nusu, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Mpira wa kawaida wa Land Cruiser hizi, 7.50 R16, una kipenyo cha karibu sentimita 80. Ukiweka mkubwa zaidi, gari linapanda kidogo, lakini uzito wa gurudumu unaongezeka na kila kiungo cha usukani kinaubeba. Kipima mwendo nacho kinaanza kudanganya: kinaonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli.

Kwa hiyo faida ya kuinua ipo, ila ina mpaka. Tumbo la gari halisugui sana, pua yake inaingia vizuri katika shimo, na mpira mkubwa unapata nafasi. Tuta lililo refu kuliko difu litaendelea kulisimamisha gari.

Njia nne za garaji

Njia ya kwanza ni kufunga lama au risori mpya zilizotengenezwa kwa urefu huo, pamoja na amotisere zinazolingana nazo. Ndiyo bora na ndiyo ghali, maana vipuri vinatoka mbali, na vya bandia ni vingi.

Njia ya pili ni kuongeza lama moja au mbili zilizotolewa kwenye gari jingine. Gari linapanda, lakini linakuwa gumu. Likiwa tupu linarukaruka, na gurudumu linaloruka halishiki barabara.

Njia ya tatu ni kukunja upya lama zilizolala. Kazi hiyo ikifanywa kwa moto wa kawaida bila kuurudishia chuma ugumu wake, lama inalala tena baada ya muda mfupi au inavunjika njiani.

Njia ya nne ni kuweka kipande cha chuma kati ya lama na ponti, au kurefusha vishikio vya mwisho wa lama. Kipande cha nyuma kinaweza kuvumilika kikiwa cha chuma kizima na kimefungwa kwa buloni zenye urefu unaofaa. Kwenye ponti ya mbele kisiwekwe kabisa. Dereva anapokanyaga freni, nguvu yote inaisukuma ponti hiyo, na kipande kikichomoka usukani umekwisha.

Usukani unapopoteza njia

Ili kuelewa shida ya usukani, tazama foroko ya pikipiki. Haikusimama wima. Imelala kidogo kuelekea kwa dereva, na mlalo huo ndio unaofanya gurudumu lirudi lenyewe katikati. Ponti ya mbele ya pikapu ina mlalo kama huo. Kwenye gari lenye risori mbele, ponti inashikwa na mikono miwili mirefu iliyofungwa kwenye chasi. Chasi ikipanda, mikono inainamisha ponti kuelekea mbele na mlalo unapungua. Dereva anakata kona, anaachia usukani, na usukani haurudi. Mahali palipo tambarare gari linatangatanga, anatakiwa kulisahihisha kila mara. Dawa yake ipo: bushi maalumu zenye tundu lisilo katikati, zinazorudisha mlalo wa ponti.

Jambo la pili ni fimbo ya pembeni. Fimbo hiyo imefungwa upande mmoja kwenye chasi na upande mwingine kwenye ponti, ili ponti isiyumbe kushoto na kulia. Gari likiinuliwa, inaivuta ponti upande mmoja kwa milimita kadhaa. Gurudumu moja linatokeza kuliko la pili, na usukani unakaa umepinda hata gari likienda moja kwa moja. Fimbo inayorefushwa kwa nati ndiyo inayorekebisha hali hiyo.

Jambo la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi. Fimbo ya pembeni na fimbo inayotoka kwenye boksi la usukani zinapaswa kwenda sambamba. Zikiwa na mlalo mmoja, gurudumu linapoanguka shimoni zote mbili zinasogea pamoja. Fundi akibadilisha mlalo wa moja tu, kila shimo litakuwa linakata usukani bila dereva kuugusa. Kwenye daraja la miti lenye njia mbili za mbao, kosa la sentimita chache linatosha kulipeleka gari mtoni.

Tena kuna mtetemeko. Gari likifika mwendo fulani magurudumu ya mbele yanaanza kupigapiga kushoto na kulia hadi mikono ya dereva inatikisika. Wengi wanakimbilia kubadilisha amotisere ya usukani. Mtetemeko unapungua kwa wiki chache, halafu unarudi. Amotisere hiyo inaficha ugonjwa. Chanzo kiko kwenye rotili zilizolegea, beringi za pivo zilizokwisha, bushi zilizochakaa au mpira usiozunguka sawa.

Maji nayo yana sehemu yake. Kwenye ponti za Land Cruiser hizi, kila upande wa mbele una tufe la chuma lililojaa grisi. Mpira wake wa kuzuia maji ukichanika, maji ya mto yanaingia na grisi inageuka rangi kama maziwa. Katika eneo la mto Lwama na vijito vyake vingi, kufungua na kutazama grisi hiyo ni kazi ya kila msimu wa mvua.

Freni zinazodanganywa

Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Pikapu nyingi za Toyota zina valvu nyuma, iliyounganishwa na ponti kwa kijiti. Kazi yake ni kupima mzigo. Gari likiwa tupu, chasi iko juu ya ponti kwa mbali, na valvu inapunguza nguvu ya freni za nyuma ili magurudumu yasikwame. Gari likipakiwa, chasi inashuka na valvu inaruhusu nguvu zaidi.

Ukiinua gari bila kurekebisha kijiti hicho, valvu inaamini gari ni tupu wakati wote. Mteremkoni, likiwa na mzigo, freni za nyuma zinafanya kazi nusunusu. Mipira ya freni nayo inahitaji kuangaliwa: ponti ikining'inia mpaka mwisho, isivutike.

Mzigo haukuongezeka

Kosa kubwa linafanyika sokoni, baada ya gari kutoka garaji. Lama zilizoongezwa hazilali tena, basi mwenye gari anaona nafasi ya magunia mengine. Pikapu ya aina hii inabeba takriban tani 1. Magunia 20 ya kilo 50 yameshaimaliza. Wakipanda watu 12 juu ya magunia, kila mmoja akiwa na kilo 60, umeongeza kilo 720.

Lama mpya haikubadilisha beringi, ekseli, freni wala chasi. Tena abiria anayeketi mita moja juu ya mzigo anapandisha uzito wa gari juu zaidi ya zile sentimita 5 za fundi. Gari lililoinuliwa, likiegemea kwenye mfereji na watu juu yake, linapinduka mapema kuliko dereva anavyotarajia. Sheria ya barabarani ya Kongo, nambari 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, inasimamia pia hali ya magari na upakiaji. Ila njiani porini, mlinzi wa kwanza wa abiria ni dereva.

Dakika 20 kabla ya kuondoka

Ukaguzi wa usukani hauhitaji mashine. Mtu mmoja awashe injini na kuzungusha usukani kidogo kidogo, kushoto na kulia, gari likiwa limesimama. Mwingine atazame kila rotili. Ikiwa fimbo moja inasogea kabla ya ile iliyoshikana nayo, kiungo hicho kimekwisha.

Kisha gurudumu la mbele liinuliwe kwa kriki. Likishikwa juu na chini na kutikiswa, ulegevu unaonyesha beringi. Likishikwa kushoto na kulia, ulegevu unaonyesha rotili. Kila nati ya rotili iwe na pini yake. Boksi la usukani litazamwe panapofungwa kwenye chasi, kama kuna ufa au buloni iliyolegea.

Mwisho, kwa utepe wa kupimia, pima umbali kati ya magurudumu mawili ya mbele, kwanza upande wa mbele kisha upande wa nyuma, kwa kimo cha katikati ya gurudumu. Vipimo viwili visitofautiane kwa zaidi ya milimita chache. Tofauti ikiwa kubwa, mipira italika haraka na gari litavuta upande.

Barabara ndiyo chanzo

Kuinua magari ni jibu la wenye magari kwa barabara isiyotunzwa. Office des Routes iko tangu mwaka 1971. Mfuko wa kitaifa wa kutunza barabara, FONER, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008, na sehemu ya fedha zake inatoka kwenye makato ya mafuta ya gari. Kila dereva wa Kasongo anayenunua mafuta yaliyolipiwa makato hayo amechangia barabara, kisha analipa mara ya pili kwa fundi.

Kazi inayookoa barabara ya udongo inajulikana na si ya ajabu: kufungua mitaro ya pembeni ili maji yatoke, kujaza mashimo yakiwa bado madogo, na kuyazuia malori mazito kwa saa kadhaa baada ya mvua kubwa. Vijiji vinavyopewa sehemu yao ya barabara, koleo na malipo ya kweli vinaweza kuifanya.

Hadi siku hiyo, pikapu zitaendelea kuinuliwa. Anayempelekea fundi gari lake amwombe kazi yote: lama, amotisere, bushi, fimbo, rotili na kijiti cha freni. Na kama pesa hazitoshi kwa yote, aanze na rotili, aache urefu kwa msimu mwingine. Gari lililokwama linangoja watu wa kulisukuma. Gari lililokosa usukani kwenye daraja la miti, na watu 12 juu ya magunia, halingoji mtu.